Kazi Inayokaguliwa: Mhadhara Juu ya Ukuaji wa Mwanafunzi Katika Mpaka wa Busia na Tororo

Mada ya leo ni ukuaji wa mwanafunzi: jinsi kijana aliye masomoni anavyogeuka kuwa mtu wa kutegemewa, na nafasi ya ufadhili wa kukuza taaluma katika safari hiyo. Nikisema ufadhili wa kukuza taaluma nina maana ya mpango unaomchukua mwanafunzi kwa miezi au miaka, ukamlipia gharama, ukampa mlezi, ukamweka mahali pa kazi, kisha ukamwachia cheti mkononi. Mipango ya namna hii imeenea Afrika Mashariki, na matangazo yake yanafanana. Yanaahidi uongozi, kujiamini na kufahamiana na wakubwa. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ahadi hizo imeelekezwa kusiko. Kijana hakui kwa sababu amelipiwa karo, wala kwa sababu ameambiwa wiki nzima ukumbini kwamba anaweza. Anakua akikabidhiwa kazi ya kweli, ambayo mtu mwingine anaitegemea na mtu wa tatu anaikagua, tena akiwa katikati ya wenzake wanaofanya vivyo hivyo. Ushahidi wa hoja hii hatuna haja ya kuufuata Ulaya. Uko Busia, Kenya, na uko Tororo, Uganda, na umekusanywa kwa zaidi ya miaka 20.

Busia ya Kenya ni miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa sana duniani katika mambo ya elimu na umaskini. Mwaka 1998, kwa ushirikiano na shirika la International Child Support, wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walianza kufuatilia mpango wa kuwapa dawa za minyoo wanafunzi wa shule za msingi 75, shule zikiingizwa kwa awamu ili zilizotangulia zilinganishwe na zilizokuwa zikisubiri. Kazi za namna hiyo ndizo zilizomfikisha Kremer kwenye Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Habari za minyoo zimesimuliwa sana. Isiyosimuliwa sana ni kazi iliyofuata, na kwetu leo ndiyo yenye uzito zaidi. Mwaka 2001 shirika lilelile lilianzisha ufadhili wa wasichana wa darasa la sita katika wilaya za Busia na Teso. Shule za kuingia katika mpango zilichaguliwa kwa kura, nyingine zikabaki za kulinganishia. Msichana aliyeingia katika asilimia 15 ya juu kwenye mitihani ya wilaya alifadhiliwa kwa miaka 2, darasa la saba na la nane. Kila mwaka shilingi 500 zilikwenda shuleni kwa ajili ya karo, shilingi 1,000 zikaenda kwa familia kwa sare, vitabu na madaftari, na jina lake likasomwa mbele ya wazazi na walimu kwenye sherehe ya hadhara. Ufadhili ulikuwa huo tu. Hakukuwa na semina ya uongozi wala safari ya Nairobi.

Kremer na Miguel, pamoja na mwenzao Rebecca Thornton, walichapisha matokeo mwaka 2009. Kwamba alama za wasichana zilipanda hakumshangazi mtu, kwa sababu ukiweka zawadi watu watajitahidi. Yanayostahili kuzingatiwa ni mengine. Wasichana waliokuwa nyuma kabisa, ambao wao wenyewe na walimu wao walijua hawawezi kuingia katika asilimia 15 ya juu, nao walipanda. Katika shule za Busia wavulana pia walipanda, ilhali ufadhili haukuwahusu hata kidogo. Na mahudhurio ya walimu yaliongezeka kwa karibu pointi 5 za asilimia. Tukilifikiri hilo la mwisho vizuri tutaona lilivyo zito. Mwalimu hakuahidiwa hata senti moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na matokeo ya kusomwa hadharani, na wazazi walioanza kuuliza habari za shule. Mwalimu akaja darasani, na akishakuja darasani hamfundishi mshindi peke yake. Anafundisha dawati la mbele na la nyuma, msichana na mvulana.

Kwa hiyo ufadhili uliofanikiwa Busia haukuwa tukio kati ya mfadhili na mtoto mmoja mwenye akili. Ulibadilisha mazingira ya kazi ya shule nzima. Hapo ndipo ninapotofautiana na desturi ya kuhesabu mafanikio ya ufadhili kwa picha za waliofadhiliwa. Ukitaka kujua kama mpango umekuza watu, waangalie wale waliokosa. Kama waliokosa wamebaki walipokuwa, au wamekata tamaa, basi mpango umenunua vipaji vilivyokuwepo tayari na kuvibandika jina lake. Kama waliokosa nao wamesogea, kuna kitu kimejengwa.

Atakayenipinga atasema, na ana haki, kwamba Teso mambo hayakwenda hivyo. Ni kweli. Fedha zilikuwa zilezile na masharti yaleyale, lakini Teso matokeo yalikuwa hafifu, na shule kadhaa zilijiondoa. Mwaka ule wa 2001 radi ilipiga shule moja ya msingi huko na kuua wanafunzi, na katika jamii ambayo tayari ilikuwa na mashaka na shirika lililokuja na fedha, msiba ule uliongeza minong'ono. Sisomi habari hiyo kama kisa cha ujinga wa wanakijiji. Wazazi waliofiwa walikuwa wakiuliza swali ambalo mzazi yeyote angeuliza: hawa ni nani, wanataka nini kwa watoto wetu, na nani anawakagua wao? Mpango wa kukuza watu unaoingia mahali bila kukubali kukaguliwa na wenyeji hujenga juu ya mchanga, hata ukiwa na fedha. Kwa hiyo Teso haivunji hoja yangu. Inaongeza sharti kwamba mkaguzi naye akubali kukaguliwa.

Kuna tokeo jingine la Busia ambalo wafadhili wengi hawapendi kulitaja, nami nalitaja kwa sababu linahusu maana yenyewe ya ukuaji. Miaka 4 au 5 baada ya mpango, watafiti waliwarudia wasichana wale, sasa wakiwa vijana. Waliotoka katika shule za ufadhili walikuwa na uelewa mkubwa zaidi wa siasa, hawakukubali kirahisi kwamba mume ana haki ya kumpiga mke, na wazazi wao hawakuwa na sauti kubwa sana katika kuwachagulia mume. Hadi hapo kila mfadhili angepiga makofi. Lakini vijana haohao hawakuwa na imani kubwa zaidi kwa serikali na taasisi zake, na baadhi ya majibu yao yalionyesha kwamba waliona matumizi ya nguvu katika siasa yanaweza kuwa halali. Elimu iliwafanya wawe watu wenye msimamo wao, na msimamo huo haukuwa ule ambao kitabu cha uraia kiliutarajia. Nauona huo kuwa ukuaji halisi, pamoja na sehemu yake inayotia wasiwasi. Mpango unaotaka kijana ajiamini lakini asimhoji aliyempa fedha hautaki akue. Unataka mtumishi mwenye adabu na Kiingereza kizuri.

Sasa tuvuke kutoka shule ya msingi hadi kwenye kazi, maana wanafunzi wa chuo waliomo humu wameshaanza kusema moyoni kwamba darasa la sita ni mbali. Mwishoni mwa muongo wa 2000, hapo hapo Busia na jirani zake, zaidi ya vijana 2,100 waliokwisha kuacha shule waliomba vocha za kujiunga na vyuo vya ufundi. Vocha moja ilikuwa na thamani ya takriban dola 460, na nusu ya waombaji walipewa kwa bahati nasibu. Vijana waliopata walijiunga, tena kwa wingi. Wengi walisoma ushonaji, ususi, umekanika na udereva. Watafiti walipopima baadaye, kipato cha waliopata vocha, kwa wastani, hakikuonyesha nyongeza ya wazi juu ya wale waliokosa. Karo ililipwa, masomo yakasomwa, cheti kikatoka, na soko likabaki vilevile. Msichana aliyemaliza ushonaji alirudi mtaani kwenye mafundi cherehani wengine kumi. Kulikuwa na jambo dogo la kutia moyo: wasichana walioonyeshwa takwimu za mapato ya fani zinazohesabiwa kuwa za wanaume walivutwa zaidi kuzitaja kama chaguo lao. Lakini kutaja fani na kuajiriwa katika fani ni mambo mawili, na kati yake lazima kuwe na mtu wa kukupokea gereji, akupe spana, na arudie kukaza nati uliyoikaza vibaya. Vocha haikununua mtu huyo.

Mwenzangu mmoja wa hoja, tumwite mtetezi wa stadi za maisha, atanikatiza hapa. Atasema ninadharau mafunzo ya kujieleza, kujadiliana na kujiamini, na atanipeleka Uganda. Mwaka 2013 vijana wapatao 4,400 wa mwisho wa sekondari ya juu nchini Uganda walihusishwa katika jaribio la mafunzo ya ujasiriamali ya wiki 3 wakati wa likizo. Baadhi walipewa zaidi hesabu za biashara na mipango ya fedha, wengine zaidi majadiliano, ushawishi na mawasiliano, na wengine hawakupata mafunzo. Miaka mitatu na nusu baadaye mapato ya makundi yote mawili yaliyofunzwa yalikuwa juu kwa takriban asilimia 30. Nakubali matokeo hayo bila shingo upande. Ni wiki 3 tu, na stadi laini za mawasiliano zilifanya vizuri sawa na zile ngumu za hesabu. Lakini tutazame wanafunzi wale walivyofundishwa. Hawakukaa tu kusikiliza wasifu wa matajiri. Waliunda mawazo ya biashara kwa vikundi, wakayatetea mbele ya wenzao, wakajadiliana bei. Majadiliano ni kazi inayokaguliwa papo hapo: bei uliyoitaka ama umeipata ama hukuipata, na aliyekaa mbele yako ndiye shahidi. Kwa hiyo sina ugomvi na stadi za maisha. Ugomvi wangu ni na kuzihubiri bila kuzitumia.

Twende Tororo, ambako naona mfano ulio bora kupita yote niliyotaja. Kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, kupitia shirika la Infectious Diseases Research Collaboration, vimeendesha uchunguzi wa malaria wilayani humo. Mwaka 2011 familia za Nagongera ziliingizwa katika ufuatiliaji wa muda mrefu. Huko, kabla ya nyumba kuanza kupuliziwa dawa, mtu mmoja alikadiriwa kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Upuliziaji ulianza Desemba 2014 na malaria ikashuka sana. Baadaye, dawa ya kupulizia ilipobadilishwa, ikapanda tena. Tunayajua hayo yote kwa sababu kulikuwa na vijana waliokaa kwenye hadubini, siku baada ya siku, wakihesabu. Na namna wanavyohesabu ndiyo darasa ninalotaka tuliingie.

Tone la damu la mtoto hutandazwa nene kwenye kioo, hukaushwa, hutiwa rangi ya Giemsa, na chini ya lenzi vimelea huonekana kama vidoa vya zambarau kati ya mabaki ya damu. Fundi wa maabara hahesabu ovyo. Anahesabu seli nyeupe hadi 200, na pembeni anahesabu vimelea alivyovikuta ndani ya kiwango hicho. Akipata vimelea 50, anachukulia kwamba mikrolita moja ya damu ina seli nyeupe 8,000, anapiga hesabu na kuandika vimelea 2,000. Vikiwa vichache sana anaendelea kuhesabu hadi seli 500. Kisha kioo kilekile kinapewa fundi wa pili, ambaye haruhusiwi kuona jibu la wa kwanza. Majibu yao yakipishana kupita kiasi kilichowekwa, fundi wa tatu anaamua. Kijana aliyetoka chuo na diploma yake ya maabara anaingia katika utaratibu huu na kugundua, ndani ya siku chache, kwamba jibu lake ni moja kati ya mawili au matatu, na kwamba kuna mtoto na dozi nyuma ya kila jibu. Hakuna anayemgombeza. Anaonyeshwa kioo, anarudi kwenye lenzi, anatazama upya.

Ukuaji unaopatikana hapo ni wa namna ambayo haiwezi kupatikana ukumbini. Kwanza kijana anajua kiwango chake kwa hakika, kwa sababu kuna kumbukumbu ya mara ngapi alipishana na mwenzake. Kujiamini kwake kuna ushahidi. Pili, anazoea kukosolewa bila kuona ametukanwa, jambo gumu sana katika mazingira yetu ya shule, ambako kosa kwa miaka mingi limekuwa na fimbo nyuma yake. Tatu, na hili ndilo naliona kubwa, naye anakuwa msomaji wa pili wa mwenzake. Anajifunza kukagua bila kujikweza. Baadhi ya walioanza kwenye kazi za namna hii Tororo, katika maabara, katika kukusanya takwimu vijijini, katika kunasa mbu alfajiri, waliendelea na shahada, na utafiti wa malaria wa Uganda leo unaongozwa kwa sehemu kubwa na Waganda wenyewe. Profesa Moses Kamya wa Makerere, mmoja wa waasisi wa ushirikiano huo, amekuwa mlezi wa watafiti wengi. Fedha za nje zilihitajika, sikatai. Lakini fedha hizohizo zingetumiwa kulipia hoteli na vitambulisho vya semina, tusingekuwa na watafiti hawa.

Linganisha na atachimenti ya kawaida, kama wanavyoiita Kenya, au mafunzo ya viwandani kama wanavyosema ng'ambo ya pili. Mwanafunzi anapelekwa ofisini wiki 8 au 12. Mara nyingi anakaa akipanga mafaili na kutumwa chai. Msimamizi wa chuo anakuja mara moja au mbili, anapiga muhuri kwenye daftari la kumbukumbu, anaondoka. Hakuna aliyetegemea kazi ya kijana yule, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuikagua. Na kwa kuwa hakulipwa, mwanafunzi wa familia maskini alikopa nauli ili apate nafasi hiyo ya kutokukua. Wanaosema atachimenti inatosha, ya nini tena ufadhili, wanapaswa kutazama madaftari hayo na kuuliza ni ukurasa upi ulioandikwa na mtu aliyekuwa akifanya kazi. Na wanaosema kazi ya kweli kwa mwanafunzi ni unyonyaji, nawaambia kwamba ni unyonyaji kweli pale asipolipwa na asipofundishwa. Ndiyo maana posho ni sehemu ya lazima ya ufadhili. Posho haimkuzi kijana, lakini bila posho anayebaki ni mtoto wa mwenye uwezo peke yake.

Liko pingamizi la kale zaidi: tukishawakuza, wataondoka. Watakwenda Kampala, Nairobi, au ng'ambo kabisa, na mpaka utabaki na malori yake. Historia yetu inalijibu kwa sehemu. Septemba 1959 ndege ya kwanza ya mpango ulioongozwa na Tom Mboya ilipeleka Marekani wanafunzi 81, na mamia wakafuata hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wangari Maathai aliondoka 1960, akasoma Kansas na Pittsburgh, akarudi 1966, akapata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971. Yeye na wengi wa kizazi chake walirudi kwa sababu nchi zilizokuwa zikizaliwa zilikuwa na kazi zinazowangoja, na kazi zenyewe zilikuwa nzito. Kijana haondoki mahali kwa kuwa amekua. Anaondoka kwa kuwa alipokulia hapana kazi ya ukubwa wake. Kwa hiyo dawa ya kuondoka haimo katika kumfunga kwa mkataba wa miaka mitatu. Imo katika kuujenga ufadhili ndani ya matatizo ya mahali penyewe, ili akimaliza awe tayari anajulikana na watu wenye shida anayoijua kuitatua.

Na mpaka huu hauna uhaba wa matatizo ya kweli. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakasimama, bei upande wa Uganda ikatetereka, na siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Sharti lilikuwa la haki, maana sumukuvu inaharibu ini na inaua. Lakini mkulima mdogo wa Tororo na mama anayevusha magunia mawili kwa baiskeli wangepata wapi cheti hicho? Sumukuvu huanzia kwenye unyevu. Mahindi yanayotakiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5 yanaanikwa chini kando ya barabara, mvua ya alasiri inayakuta, yanakusanywa mbichi, yanafungwa. Kujua hali ya gunia lazima mtu achome bambo juu, kati na chini, achanganye alichokitoa, apime, aandike, na mwenzake apime tena. Ni kazi ileile ya kioo cha damu, na ni kazi ambayo mwanafunzi wa chuo anaweza kufundishwa kuifanya vizuri ndani ya mwezi mmoja.

Vyuo vyenyewe vipo. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa 2007 mahali palipokuwa chuo cha zana za kilimo, kiko katika wilaya ya Busia ya Uganda, na kampasi yake ya Nagongera iko Tororo. Upande wa Kenya, Alupe, mahali palipojulikana kwa hospitali ya ukoma, pana chuo kikuu kilichopata hati yake kamili mwaka 2022. Katikati yao ni kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, ambako msafiri na lori husimama mara moja badala ya mbili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki inafanya kazi tangu Julai 2010, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wana mikataba ya kutambuana. Mwanafunzi bado hana njia iliyonyooka kama hiyo. Anayetoka Busitema akitaka kufanya mafunzo yake ng'ambo ya barabara, kwenye kampuni ya nafaka anayoiona kwa macho, anaanza kuulizwa bima, barua, na kama kazi yake itahesabiwa. Vijana wa Kiteso na Kisamia, wenye shangazi pande zote mbili, wanavuka kwa harusi na matanga bila shida, lakini kwa masomo wanakwama.

Ninachopendekeza ni ufadhili mmoja wa pamoja kati ya vyuo hivyo viwili, wanafunzi wakipangwa wawili wawili, mmoja kutoka kila upande, kila jozi ikipewa kikundi cha wakulima au soko moja la mpakani. Kazi yao iwe kupima unyevu na sumukuvu, kuwashauri wakulima namna ya kukausha, na kuwapa matokeo yaliyoandikwa ambayo mnunuzi atayategemea. Jozi nyingine irudie sehemu ya vipimo bila kuona majibu ya kwanza. Waombaji wenye sifa wakizidi nafasi, kama itakavyokuwa, wachaguliwe kwa kura ya wazi. Najua wengi watakereka na kura, wakisema inamnyima aliyejitahidi zaidi. Lakini barua za mapendekezo katika nchi zetu zinapima mzazi anamjua nani kuliko zinavyopima juhudi, na kura ina faida ya pili: miaka 3 baadaye tutaweza kuwalinganisha waliopata na waliokosa kwa haki, na kujua kama tumekuza watu au tumejisifu. Na vikundi vya wakulima viwe na kiti katika kamati, pamoja na haki ya kumkataa mwanafunzi asiyefika shambani kwa wakati. Teso ilikwisha kutufundisha hilo.

Gharama yake si ya kutisha. Ni posho, nauli, bambo, vipima unyevu, na vifaa vya kupimia sumukuvu vinavyoweza kutunzwa katika maabara ya chuo kimojawapo. Kazi ngumu ni ya makaratasi: senati mbili zikubaliane kwamba wiki alizofanya kazi kijana wa Alupe huko Nagongera zinahesabika Alupe, na za kijana wa Busitema huko Matayos, upande wa Kenya, zinahesabika Busitema. Mavuno ya msimu wa kwanza upande wa Uganda huanza karibu na Juni na Julai, majira yaleyale ambayo wanafunzi wa Uganda hutoka kwenda mafunzo ya viwandani. Wakuu wa vyuo viwili wakikaa meza moja kabla ya Mei, wakaandika nani atasimamia nani na ofisi ipi itapokea vipimo vya vijana, jozi za kwanza zinaweza kuwa sokoni mahindi yakifika.